Tano Nukta Kumi na Moja

Mtaa mzima ulimwita Nukta, na jina hilo hakulipata kwa ufupi wake, ingawa wenye midomo walisema limemkaa kama soksi. Alilipata darasani. Miaka yote aliyofundisha hesabu, mwanafunzi aliyesahau nukta ya desimali alinyimwa maksi zote, hata kama tarakimu zenyewe zilikuwa sawa, na akilalamika aliambiwa kwamba madaraja huanguka kwa makosa madogo kuliko hilo. Mji ule haukuwa na daraja hata moja, kwa kuwa haukuwa na mto, lakini watoto walilala wakiota madaraja.

Alipostaafu alibaki kama kengele ya shule wakati wa likizo. Ipo, lakini hakuna anayeisubiri. Mkewe aliendesha saluni katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba chenye vioo viwili, viti vitatu na mashine ya kukaushia nywele iliyokohoa kila ilipowashwa. Tangu asubuhi wanawake walikaa pale wakisukwa na kusema watu. Nukta alipita katikati yao na gazeti kwapani, akienda na kurudi, akitafuta mtu wa kumsahihisha.

Ndipo binti yao, aliyekuwa muuguzi ng'ambo, alipomtumia simu mpya, ya kisasa, nyembamba kama biskuti. Juma la kwanza Nukta aliitumia kama watu wengine wanavyotumia zao, yaani kuangalia paka wakiruka na watu wakianguka ngazini. Juma la pili, akiwa anatafuta mahali pa kuzima mlio, kidole chake kiliangukia kikokotoo cha kubadilisha vipimo. Unaingiza inchi, kinakupa sentimita. Unaingiza pauni, kinakupa kilo. Na kila jibu lilitoka na nukta yake na tarakimu mbili nyuma, safi, zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Nukta alikaa kitandani akaitazama skrini kwa muda mrefu. Alijisikia kama mtu aliyekaa nyumba moja miaka thelathini, leo ndiyo kwanza anagundua kwamba ina chumba kingine.

Kuanzia siku ile saluni haikupumua. Mteja akiagiza nywele za inchi kumi na nane, sauti inatoka kwenye korido kumjulisha kwamba hizo ni sentimita arobaini na tano nukta saba mbili. Mteja akimwambia mwenzake kwamba mtoto wake amevaa kiatu namba thelathini na tatu, Nukta anatokea mlangoni kueleza kwamba namba hiyo ni ya bara gani, na kwamba ng'ambo ya bahari mguu uleule una namba nyingine. "Mnatembea na maabara nzima mkononi," aliwaambia, "na mnaitumia kutumiana vikaragosi vinavyolia." Wanawake waliitikia kwa adabu, kisha wakarudi kwenye vikaragosi vyao.

Tusimnyime haki yake, lakini. Kuna jirani mmoja, mwoka keki, ambaye kila keki aliyoipika kwa maelekezo ya mtandaoni ilitoka nyeusi kama tairi. Maelekezo yalisema digrii mia tatu hamsini. Oveni yake iliishia mia mbili hamsini, kwa hiyo aliizungusha mpaka mwisho na kumwachia Mungu sehemu iliyobaki. Alikuwa ameshaamini kwamba wazungu wanapenda mkaa. Nukta alisoma maelekezo yale, akagundua kwamba digrii zenyewe zilikuwa za Farenhaiti, akabonyeza, akampa mia moja sabini na sita nukta sita saba. Keki ikatoka ya kahawia, laini, yenye harufu ya kumtoa mgonjwa kitandani. Mwoka keki akamletea kipande, akamwita profesa mbele ya watu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mwingine angekula keki yake akanyamaza. Nukta aliichukua kama uteuzi.

Alimfuata jamaa aliyemfungia intaneti nyumbani akamweleza kwamba zile ishirini alizoahidi ni megabiti, si megabaiti, kwamba nane za kwanza hutengeneza moja ya pili, na kwamba kwa hesabu hiyo anapata mbili na nusu. Jamaa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama anataka aendelee kuunganishwa au hataki. Mama mkwe wake alipotoka kupima sukari akapita kupumzika, akagusia tu kwamba zahanati wamemkuta na kilo tisini, Nukta alimjulisha mbele ya wateja wanne kwamba hizo ni pauni mia moja tisini na nane nukta nne. Bibi yule hakuwa na habari ya pauni. Alichosikia ni kwamba mkwe wake amemzidishia uzito mara mbili hadharani. Alichukua mkoba wake akaondoka kabla chai haijachemka.

"Mwalimu," mkewe alimwambia jioni ile, maana hata baada ya miaka yote ya ndoa alimwita hivyo, "hiyo simu itakutenga na watu."

Nukta alijibu kwamba ukweli haujawahi kuwa na marafiki wengi.

Sasa ni lazima lisemwe jambo ambalo Nukta mwenyewe hakulisema. Alikuwa na sentimita mia moja hamsini na nane, na mkewe alimpita kichwa kizima. Siku ya harusi yao mpiga picha alimsimamisha Nukta juu ya ngazi ya ukumbi, kisha akamwomba bibi harusi avue viatu. Ndugu za mkewe walikuwa watatu, warefu wote, na mkubwa wao, fundi wa nguzo za umeme, aliitwa Mlingoti. Mlingoti hakuwahi kuingia nyumba ile bila kugonga fremu ya mlango kwa paji la uso, na hakuwahi kuigonga bila kucheka na kumtazama shemeji yake, kana kwamba mlango ule ulijengwa kwa kipimo cha Nukta makusudi. Kwenye kila picha ya familia alimwita, "Shemeji, njoo mbele huku, usije ukapotea," na Nukta alikwenda mbele, akasimama na watoto, akatabasamu. Alikuwa ametabasamu hivyo tangu ujana wake. Meno yalishazoea, moyo haukuzoea.

Kwa hiyo binti alipopiga simu kusema kwamba amepata mchumba, kwamba mchumba ni mtu wa nyumbani pia ingawa amekulia ng'ambo, na kwamba watakuja kufanya harusi mwezi wa likizo, Nukta aliuliza maswali yote ambayo baba huuliza, isipokuwa moja. Mchumba alikuwa mwalimu wa kuogelea. Picha zake zote zilipigwa bwawani: kichwa, mabega, tabasamu, na maji. Akiongea nao kwa video alikuwa amekaa. Alikuwa na uso mzuri, sauti ya upole, na kwa habari ya sehemu iliyobaki, hakuna aliyejua.

Familia ikaamua wanaume wote wavae suti za kitambaa kimoja, cha rangi ya zambarau iliyoiva, na Nukta akajipa kazi ya kukusanya vipimo. Binti alituma vya mchumba wake kwa ujumbe, akiwa zamuni, kwa haraka: kifua inchi arobaini na mbili, kiuno thelathini na nne, na mwisho kabisa, urefu 5.11.

Nukta alivaa miwani. Akaingiza tano nukta kumi na moja upande wa futi, kama ilivyoandikwa, akabonyeza. Simu ikamjibu: sentimita mia moja hamsini na tano nukta saba tano.

Alifuta akaingiza tena. Jibu lilikuwa lilelile. Akaenda chumbani, akafunga mlango, akasimama mgongo ukutani na rula juu ya kichwa, akajipima upya kwa utepe wa mkewe. Mia moja hamsini na nane nukta mbili. Alimzidi mkwe wake kwa sentimita mbili na kitu. Katika ukoo ule wa minazi, hatimaye angeingia mwanamume ambaye Nukta angemwekea mkono begani bila kunyoosha kwapa. Alikaa kitandani, na mzee yule aliyekuwa hajalia hata siku ya kustaafu, machozi yakamlengalenga.

Tangu hapo upendo wake kwa kijana wa watu haukuwa na breki. Alianza kumtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, akiwa nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, kwa sauti ya chini kama mtu anayepanga mapinduzi. "Mwanangu," alisema, "sisi watu wa chini tusione haya. Hao walio juu wana lao, na sisi tuna letu. Ukifika hapa kaa karibu nami. Watakucheka, lakini tutakuwa wawili." Majibu yalichelewa kidogo, yakaja kwa sauti pia, mafupi. Nimekusikia, Baba. Nashukuru, Baba. Nukta aliusikia unyonge katika sauti ile, akautambua. Ulikuwa unyonge wa miaka mingi ya kusimamishwa mbele.

Fundi cherehani alipopokea vipimo, aliuliza urefu wa suruali. Nukta hakuwa nao, lakini alikuwa na simu. Alisoma mahali kwamba mguu wa mtu kwa ndani ni asilimia arobaini na tano ya urefu wake, akapiga hesabu, akatoa sentimita sabini. Fundi alitazama karatasi. Akatazama tena kifua.

"Mwalimu," alisema, "huyu ni mtu au kabati?"

"Ni mkwe wangu," Nukta alijibu kwa ubaridi.

Fundi alikuwa na sare za shule nzima za kumaliza. Akakata alivyoambiwa.

Kisha ikaja zamu ya kitanda. Chumba cha wageni kilikuwa kidogo, na Nukta aliona kwamba kitanda cha kawaida kingekula nafasi bure kwa mtu wa kimo kile. Akamwita seremala akifupishe, ili kwenye nafasi itakayobaki iwekwe meza ya mkwe kuandikia. Mkewe alitoka saluni na kitana mkononi, akamkuta seremala ameshaweka msumeno kwenye ubao.

"Umemwuliza mwenyewe urefu wake?"

"Nimwulize nini wakati jibu liko hapa?" Nukta alimgeuzia skrini.

"Hapo umeiuliza simu. Mimi nakuuliza kama umemwuliza mtu."

Nukta alisema kwamba mtu anaweza kujidanganya kuhusu kimo chake, na kwamba yeye amewaona wengi, lakini futi ni futi. Mkewe aliondoka akitikisa kichwa. Alimpigia binti yao kimyakimya akamwuliza huyo mchumba ni mtu wa namna gani kwa umbo. Binti, mdomo umejaa chakula cha mapumziko, alisema ni wa kawaida tu, Mama. Katika nyumba yenye Mlingoti upande mmoja na Nukta upande wa pili, neno kawaida lingeweza kumaanisha lolote.

Habari haikukaa ndani. Nukta mwenyewe ndiye aliyeitoa, kwenye kundi la familia la simuni, kwa tangazo refu lililoomba ndugu wote wampokee mkwe bila utani wa kimo, kwani utu haupimwi kwa rula. Alitaja na kimo chenyewe, pamoja na nukta. Ni sawa na kumwambia mbwa asiguse nyama kisha ukamwonyesha iliko. Mlingoti alijibu kwa alama ya kukubali, na baadaye ikajulikana kwamba amenunua kigoda cha plastiki chekundu, cha kumpokelea mgeni.

Siku ya kuwapokea, Nukta alitangulia mbele ya wote kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Abiria walitoka wakisukuma mizigo. Macho yake aliyashusha kwa kimo alichokijua, akayapitisha kwenye vifua na mikoba, mpaka akamwona: mwanamume mfupi, mnene wa kifua, anaburuta sanduku lililokaribia kumzidi. Nukta aliinama chini ya kamba ya uzio kabla askari hajamzuia, akamkumbatia kwa nguvu zote, akamwita mwanangu, akamwambia amefika nyumbani na hakuna wa kumgusa. Mgeni alikumbatika. Alimpigapiga mgongoni kwa subira, akamwuliza kama yeye ndiye wa teksi.

"Baba," sauti ya binti ilitoka nyuma, "huyo ni nani?"

Nukta aligeuka. Binti yake alikuwa amesimama na mwanamume ambaye, tuseme kweli, hakuwa jitu. Ungempita barabarani bila kugeuka. Alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye mabega mapana na miguu iliyofika chini bila haraka, na hilo ndilo lililomchoma Nukta kuliko chochote, kwamba mwenzake hakuhitaji hata kuwa mrefu sana. Mkwe aliweka mizigo chini, akainama kwa heshima, akamkumbatia. Nukta akasalimiana na kifungo cha shati.

Nyumbani Mlingoti alikuwa anasubiri mlangoni na kigoda chake. Alimtazama mgeni akiingia, akamtazama akiinamisha kichwa kukwepa fremu. Ni kama alikuwa anafanya hesabu. Kisha akakigeuza kigoda taratibu, akakiweka mbele ya Nukta.

"Basi, shemeji," alisema, "mzigo umerudi kwa mwenyewe."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa chini ya mashine ya nywele akatoa kichwa kuuliza kumetokea nini. Alielezwa, akacheka naye, na alipotoka akaenda kumweleza mwoka keki.

Nukta alisimama wima, kadiri alivyoweza. Alimtaka binti yake alete ule ujumbe. Ukaletwa. Akauliza mbele ya baraza lile ni nani aliyemfundisha kuandika nukta mahali pasipo na nukta. Binti alisema kwamba tano nukta kumi na moja ni futi tano na inchi kumi na moja, kila mtu anaandika hivyo, kila mtu anaelewa hivyo. Nukta alisema kwamba futi ina inchi kumi na mbili, si kumi wala mia, na kwamba inchi kumi na moja juu ya futi tano ni tano nukta tisa moja na kitu, na yeyote anayeandika vingine amesema uongo kwa tarakimu. Na hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa sahihi kabisa. Hesabu haikuwa na doa. Ila mkwe aliendelea kuwa mrefu.

Suti ilijaribiwa jioni. Koti lilimkaa vizuri kifuani likaishia juu kidogo ya kiuno, kama la mcheza na fahali wa kwenye filamu. Suruali iliishia katikati ya ugoko. Fundi aliitwa, akasema kitambaa kimekwisha na duka halina kingine, na kwamba yeye aliuliza. Kitanda nacho kilijaribiwa. Miguu ya mgeni ilitoka nje ikakanyaga ile meza ya kuandikia. Hakulalamika. Aliomba tu godoro lishushwe sakafuni, akasema mgongo wake unapenda sakafu, na kila mtu alijua kwamba hakuna mgongo unaopenda sakafu.

Nukta aliingia chumbani kwake asitoke hata kula. Mkewe alimletea sahani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasubiri. Nukta alisema kwamba tatizo ni watu kutoheshimu vipimo. Mkewe alimwambia ale kwanza.

Kesho yake asubuhi mkwe aligonga mlango akamwomba wafuatane bwawani, kwenye chuo cha ualimu cha jirani, ambako aliruhusiwa kufanya mazoezi. Nukta hakutaka, lakini kubaki nyumbani kulimaanisha kusikia saluni ikicheka kupitia ukutani. Akachukua kaptura yake ya zamani ya kufundishia michezo, na simu.

Bwawa lilikuwa tupu. Ukutani, upande alioketi Nukta, palichorwa FUTI 5 kwa rangi nyeusi iliyobanduka. Mkwe aliingia upande wa pili akawa anakwenda na kurudi kama samaki mwenye kazi ya kufanya. Nukta alitazama maandishi. Hakuwa anajua kuogelea, lakini alijua kusimama. Akabonyeza: mia moja hamsini na mbili nukta nne. Yeye mia moja hamsini na nane nukta mbili. Alibakiwa na sentimita tano nukta nane za usalama, na safari hii hakuna binti wala nukta ya uongo. Tano ilikuwa tano tupu. Akaweka simu juu ya taulo, akafumba macho, akaingia.

Miguu ilifika chini, kama hesabu ilivyosema. Utosi ulibaki juu, kama hesabu ilivyosema. Ila pua ya binadamu haikai utosini. Nukta aligundua jambo hilo akiwa amesimama wima chini ya maji, macho wazi, anatazama vigae vya kijani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa na la kusema kwa sababu ya haki kabisa. Mkono ulimshika kwapani. Mkwe alimtoa kama mtu anavyotoa nguo kwenye beseni, akamketisha ukingoni, akampiga mgongoni mpaka maji yakamtoka.

Walikaa pale. Mkwe alimfunika taulo, akangoja kikohozi kiishe. Kisha, akitazama maji, akasema kuna jambo alitaka kuuliza tangu walipofika.

"Zile sauti ulizokuwa unanitumia, Baba. Sisi watu wa chini. Nilizisikiliza sana." Alikung'uta maji sikioni. "Nilidhani unaniambia nijue nafasi yangu. Kwamba binti yako ni muuguzi mwenye shahada, na mimi nafundisha watoto kupiga miguu majini. Kwamba ndugu zenu watanicheka. Kuna juma moja nilitaka nisije."

Nukta aligeuka kumtazama. Kwa miezi miwili alikuwa amemtumia mtu wa watu dharau kila asubuhi kabla ya chai, akiamini anamtumia mapenzi.

"Nilikuwa nasema kimo," alisema.

"Kimo gani?"

"Kimo. Urefu." Nukta aliitazama miguu yake miwili, iliyoning'inia mbali na maji, na ile ya mwenzake iliyozama hadi magotini. "Nilidhani wewe ni mfupi. Nilifurahi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kusikia mnaoana."

Mkwe hakucheka. Uso ulimtetemeka kidogo upande mmoja, lakini alijizuia, na kwa hilo peke yake alistahili kupewa binti.

"Pole, Baba," alisema hatimaye.

Nukta aliipokea pole ile kama haki yake. Baadaye kidogo akauliza kama mtu wa umri wake bado anaweza kufundishwa kuelea, na mkwe akasema kuelea hakuna umri, anayezama ni yule anayebishana na maji. Nukta alitaka kubishana na kauli hiyo. Akaamua kuinyamazia.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Bwana harusi alivaa suti ya kijivu aliyokuja nayo, akapendeza. Wanaume wa ukoo walivaa zambarau yao, wote sare moja, na kwa kuwa bwana harusi hakuwa mmoja wao, wageni wengi wakaamini kwamba hao ndio wahudumu. Mama mmoja alimkabidhi Mlingoti sahani chafu tatu na kumwomba chumvi. Mlingoti alikwenda kuileta, kwa mshangao tu.

Wakati wa hotuba ulipofika, Mlingoti alisimama wa kwanza kuelekea kwenye kipaza sauti, na kila mtu wa familia alijua anakwenda kusimulia nini. Nukta alimwona. Alikuwa na hotuba mfukoni, kurasa nne kuhusu watu wafupi waliotikisa dunia, ambayo sasa haikuwa na kazi. Aliiacha hukohuko. Akakatiza katikati ya meza, akapita chini ya mkono wa shemeji yake bila kuinama, njia ambayo mtu mwingine yeyote asingeiweza, akafika wa kwanza. Akaishusha nguzo ya kipaza sauti mpaka mwisho, ikalia, ukumbi ukanyamaza.

Akaisimulia yeye mwenyewe. Alianza na ujumbe wa binti, akaja kwenye suti na lile swali la kabati, akafika kwa mgeni wa uwanja wa ndege aliyedhani amepata teksi. Hakuacha kitu, hata bwawa, hata pua. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa meza ya mbele na uso wa mawe tangu asubuhi, alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Mlingoti alibaki amesimama katikati ya ukumbi na suti yake ya mhudumu, hadithi yake imeibwa mdomoni, mpaka mtu akamwomba apishe njia.

Kama Nukta angeishia hapo, ingekuwa hotuba bora ya siku. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza, na jambo hilo halikuwa limemtokea tangu astaafu. Akavuta pumzi, akasema kwamba sasa ni muhimu ndugu waelewe kosa lenyewe lilitokana na nini, kwani futi imegawanywa kwa kumi na mbili ilhali desimali imegawanywa kwa kumi, na akamwomba kila mwenye simu aitoe mfukoni, awashe kikokotoo, waende pamoja hatua kwa hatua. Watu wawili watatu walitoa simu. Wengine wakarudi kwenye sahani. Alikuwa amefika kwenye mfano wa tatu, ule wa wakia na pauni, mkewe alipotembea taratibu hadi mbele, akiwa na viatu vyake virefu kuliko vyote, akamshika mkono kwa upole mbele ya watu, akamwambia muziki unasubiri.

Nukta alisema amebakiza mfano mmoja tu.

"Niambie tukicheza," mkewe alisema, na akamwambia, tangu wimbo wa kwanza hadi wa tatu, mdomo wake ukiwa usawa wa bega la mkewe, na mkewe akawa anaitikia, ndiyo, Mwalimu, ndiyo, huku akiwapungia mkono wageni.